Maiti au Mzoga? Mbolezi ya Mbwa na Mipaka ya Utanzu

Utangulizi

Katika Kitabu cha 17 cha Odisei ya Homer, Odysseus anarejea kwake baada ya miaka 20, akiwa amejigeuza ombaomba. Anayemtambua kwanza bila kuambiwa si mke wala mtumishi, bali mbwa wake Argos, mzee aliyelala juu ya samadi, amejaa kupe. Argos anatikisa mkia, anainamisha masikio, kisha anakufa. Odysseus anageuka upande na kufuta chozi ili mchungaji Eumaeus, aliye naye, asilione. Sababu ya kulificha inaeleweka kutokana na kisa chenyewe: akionekana analia, siri yake itafichuka. Hata hivyo, chozi hilo lililofichwa linaweza kuchukuliwa kuwa kielelezo cha kipera kizima cha ushairi. Anayemlilia mbwa hulia kwa kificho, na akitaka kulia hadharani hana budi kwanza kutetea haki yake ya kulia.

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi washairi wa nyakati na jamii mbalimbali walivyoikabili haki hiyo, na hasa kuuliza: je, mbolezi ya mbwa inawezekana katika ushairi wa Kiswahili, na ikiwezekana, itatumia lugha gani? Swali hili si la mzaha. Mara kadhaa katika semina za uandishi shairi la mwanafunzi limekataliwa kwa sababu ya jambo analoliimba kabla halijasomwa kwa namna linavyoimbwa. Hoja inayotolewa ni kuwa maudhui ya kifo cha mnyama wa nyumbani ni mepesi, ya kigeni, na hayana nafasi katika fasihi yenye majukumu mazito ya kijamii. Tutajaribu kuonyesha kwamba hoja hiyo inachanganya mambo mawili: uzito wa jambo na uzito wa shairi. Aidha, tutadai kwamba ugumu wa kweli wa mbolezi hii katika Kiswahili hauko katika dini wala katika utamaduni kama inavyodhaniwa, bali uko katika msamiati wenyewe wa kifo.

Mbolezi na sharti zake

Mbolezi, au tanzia kama waitavyo wengine, ni utanzu wenye sharti zake. Kwa kawaida mbolezi ya Kiswahili humtaja marehemu kwa jina na nasaba, huzitaja sifa zake, huonyesha pengo aliloliacha, huwapa pole waliofiwa, humwombea dua, na mwishoni hutoa wasia kuhusu udhaifu wa dunia. Shairi ambalo Shaaban Robert alimwomboleza nalo mkewe Amina linajulikana na kila msomaji wa ushairi wetu, na nguvu yake inatokana kwa kiasi kikubwa na namna huzuni ya mtu mmoja inavyopitishwa katika mkondo huo uliokwisha kuchimbwa na wengine. Mkondo humzuia mwombolezaji asifurike. Humpa maneno anapokuwa hana maneno.

Sasa tumweke mbwa katika mkondo huo. Jina analo: Simba, Chui, Bosi, au Popi. Nasaba hana, au anayo ya kukisia. Sifa anazo, na ni sifa ambazo mbolezi huzipenda: uaminifu, ushujaa, subira. Pengo analiacha. Lakini tukifika kwenye pole, mambo yanaanza kuharibika, kwa kuwa anayempa mwenziwe pole kwa kufiwa na mbwa huhofia kuchekwa. Tukifika kwenye dua, mkondo unakatika kabisa. Mshairi hawezi kumwombea mbwa pepo bila ya kugusa masuala ya itikadi ambayo shairi lake halikukusudia kuyagusa. Kwa hiyo mbolezi ya mbwa ni mbolezi iliyokatwa sehemu yake ya mwisho, sehemu ambayo ndiyo yenye faraja. Swali la kiuhakiki ni hili: mshairi hufanya nini mahali hapo palipokatika?

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mapokeo yetu hayajawahi kuuwekea uombolezaji mpaka wa binadamu peke yake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaulilia mji. Majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia yanaonyeshwa yakiwa makao ya popo na bundi. Hapa wanyama ni dalili ya kutoweka kwa watu, lakini kanuni ya msingi imekwisha kuwekwa: jambo lisilo mtu linaweza kuliliwa kwa lugha ya juu kabisa. Vilevile, Utendi wa Ngamia na Paa, ambao J. W. T. Allen aliuchapisha pamoja na tendi nyingine tano katika kitabu chake Tendi mwaka 1971, unawapa wanyama wawili sauti na madai mbele ya Mtume. Ngamia na paa katika utendi huo hawahitaji kuombewa ruhusa ili wawe na uchungu. Basi anayesema kwamba mnyama hana nafasi katika ushairi wetu wa kale hajausoma ushairi huo.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya dini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Methali nazo zinamwonya anayecheza na mbwa kwamba mwishowe ataingia naye msikitini. Kutokana na hayo, wengi huhitimisha kwamba mbwa hawezi kupendwa katika fasihi yenye misingi ya Kiislamu.

Hitimisho hilo linaruka hatua. Najisi ni hukumu ya tohara, wala si hukumu ya thamani. Sharia hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda. Katika Sura ya 18 ya Kurani, Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni wana mbwa wao kizingitini, na anahesabiwa pamoja nao kila wanapohesabiwa. Kuna pia hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Muhimu zaidi kwa mhakiki wa fasihi ni kuwa ushairi wa Kiarabu, ambao umeuathiri sana ushairi wetu kwa istilahi na bahari, ulikwisha kumlilia mbwa zamani sana. Abu Nuwas, aliyefariki Baghdad mnamo 814 hivi, alitunga mbolezi ya mbwa wake wa kuwinda aliyeumwa na nyoka. Katika mbolezi hiyo anamtaja mbwa kuwa bwana wa mbwa wote, aliyemtosheleza hata asihitaji ndege wa kuwindia wala bucha, na anaapa kuwa nyoka yule hataachwa bila adhabu. Karne iliyofuata, Ibn al-Marzuban, aliyefariki 921, alikusanya kitabu kizima cha habari na mashairi ya kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Hatudai kwamba watunzi wa Lamu au Mombasa walivisoma vitabu hivi. Tunachosema ni kuwa dini haiwezi kutolewa kama sababu ya kutowezekana kwa jambo ambalo Waislamu wenyewe walikwisha kulifanya, tena kwa ustadi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na ni ya kihistoria. Katika Kenya, mbwa wa kupendwa aliingia katika maandishi yetu akiwa upande wa mlowezi. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), inalionyesha jambo hili bila huruma. Mbwa wa Dkt. Lynd anakatwakatwa kwa panga wakati wa Hali ya Hatari, na baadaye mbwa wake mwingine anamkimbilia Karanja katika kituo cha Githima, huku wafanyakazi wakitazama na Karanja akiwa na jiwe mkononi. Uchungu wa Dkt. Lynd kwa mbwa wake ni wa kweli, na riwaya haiukani. Lakini msomaji hawezi kuutenga uchungu huo na swali la nani katika nchi ile aliyekuwa na haki ya kuliliwa hadharani wakati maelfu ya watu walikuwa wakizikwa bila majina. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Tunaiona hadi leo katika vibao vya malango ya mitaa ya matajiri, vilivyoandikwa “Mbwa Kali”, maneno ambayo yanamnyima mbwa hata upatanisho wake wa kisarufi.

Pingamizi hii haiwezi kujibiwa kwa kusema kwamba sanaa haihusiani na siasa. Jibu lake ni kwamba shairi ndilo linalopaswa kubeba mzigo huo. Mshairi wa Kenya anayemlilia mbwa anaandika baada ya Githima. Akiandika kana kwamba mbwa ni kiumbe asiye na historia, shairi lake litakuwa la uongo hata kama huzuni yake ni ya kweli. Lakini haifuati kwamba hapaswi kuandika. Mbwa wa mchungaji, mbwa wa msasi na mbwa wa mlinzi wa usiku hawakuwa mbwa wa mlowezi. Tukimwachia mlowezi mapenzi yote kwa mnyama huyu, tunakuwa tumemwachia zaidi ya ardhi.

Njia tatu za kumlilia mbwa

Tukiwatazama washairi wa kwingineko walioliandikia jambo hili, tunaweza kuzitambua njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni kumgeuza mbwa fimbo ya kumchapia binadamu. Mfano wake mkuu ni wa Lord Byron. Mbwa wake Boatswain, wa mbegu ya Newfoundland, alikufa kwa kichaa cha mbwa Novemba 1808, Byron akiwa na umri wa miaka 20. Mshairi alimjengea kaburi kubwa huko Newstead Abbey na kulichonga mashairi. Inafaa kutaja kwamba maneno ya nathari yaliyotangulia mashairi hayo, ambayo ndiyo yanayokumbukwa na wengi, yaliandikwa na rafiki yake John Cam Hobhouse. Katika beti zake, Byron anaanza kwa kukejeli makaburi ya wakubwa wasiostahili sifa wanazoandikiwa, anamlalamikia binadamu anayejitengea pepo peke yake huku akimnyima mbwa roho, kisha anageuka na kumtukana binadamu kwa ukali mwingi kabla ya kumaliza kwa kusema kwamba hapo amelala rafiki yake wa pekee.

Shairi hili lina nguvu, na hasira yake si ya kuigiza. Lakini msomaji akijiuliza Boatswain alikuwaje, shairi halimjibu. Alikuwa na rangi gani? Alilala wapi? Alibweka lini? Hatujui. Mbwa ametoweka, na mahali pake pamechukuliwa na kijana mmoja wa kikabaila aliyechoshwa na watu wa tabaka lake. Kwa mtazamo wetu, hii si mbolezi bali ni tashtiti iliyovaa nguo za msiba. Wanafunzi wetu huvutwa sana na njia hii kwa sababu inawapa ruhusa ya kusema jambo zito: wanadamu ni wanafiki, mbwa ni mwaminifu. Wanadhani wameipa mbolezi yao maudhui ya kijamii, kumbe wamemzika mbwa mara mbili.

Njia ya pili ni ya tashihisi. Mshairi anampa mbwa ulimi, naye anasema kutoka kaburini. Njia hii ni kongwe: tayari katika Kitabu cha 11 cha epigramu zake, Martial wa Roma anampa sauti Lydia, mbwa jike wa kuwinda aliyeuawa na nguruwe mwitu. Ina hatari iliyo dhahiri. Mbwa anayesema huelekea kusema yale ambayo bwana wake angependa kuyasikia: kwamba alipendwa vya kutosha, kwamba hana kinyongo, kwamba anangoja. Thomas Hardy aliiepuka hatari hiyo kwa namna ya kufunza. Mbwa wake Wessex, aliyejulikana kwa kuwauma wageni, alikufa Desemba 1926, na Hardy mwenyewe alifariki Januari 1928. Shairi alilomtungia lilichapishwa katika Winter Words mwaka huo wa 1928. Nafsineni ni mbwa, lakini hatoi faraja. Anawauliza watu wa nyumba ile kama wanamkumbuka, kisha anawaambia kwamba hata wakimwita kama walivyozoea, hatageuka, hatasikia, hatakuja. Ulimi aliopewa anautumia kutangaza ukimya wake. Tashihisi hapa inajivunja yenyewe, na hapo ndipo penye uzito wa shairi: msomaji anapewa sauti kwa kitambo kidogo tu, ili auhisi vyema ukimya unaofuata.

Njia ya tatu ni kumwacha mbwa awe mbwa. Mfano wa awali wa njia hii ni Geist's Grave wa Matthew Arnold, na una funzo maalumu kwetu sisi wahakiki. Mwaka 1880 Arnold aliandika makala yake mashuhuri kuhusu usomaji wa ushairi, ambamo aliutaka ushairi mkuu uwe na uzito wa hali ya juu. Januari 1881, mhakiki huyohuyo alichapisha mbolezi ya mbwa mdogo mwenye miguu mifupi aliyeishi miaka minne tu. Je, alijipinga? Hatudhani hivyo. Katika shairi hilo Arnold anasema kwamba binadamu, kwa kiburi, hujijengea maisha ya pili asiyojua yako wapi. Geist, saa yake ilipofika, aliwatupia jicho la mapenzi, akalala na kufa. Pale mkondo wa dua ulipokatika, Arnold hajengi daraja la kubuni. Anasimama ukingoni na kuonyesha kwamba pamekatika. Huo ndio uzito alioudai, na ameupata kwa kumtazama mnyama bila ya kumkopesha roho ya mtu.

Pablo Neruda alikwenda mbele zaidi katika shairi lake kuhusu kifo cha mbwa wake, lililochapishwa katika Jardín de invierno mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Anaeleza kwamba amemzika bustanini kando ya mtambo uliooza kutu. Yeye, asiyeamini pepo ya binadamu, anasema kwa utani wenye uchungu kwamba anaiamini pepo ya mbwa. Lakini jambo linalolitofautisha shairi hili na mengine mengi ni kuwa Neruda anamsifu mbwa wake kwa kutokuwa mtumwa. Hakujipendekeza, hakumjaza manyoya nguoni, alikaa umbali aliouona unafaa, akamtazama. Walitembea pamoja ufukweni mwa Isla Negra, mbwa akiwa na furaha yake mwenyewe isiyomhitaji mtu. Uaminifu, ile sifa ya kawaida ambayo kila mtu huinukuu, haumo, au umebadilishwa kuwa heshima baina ya viumbe wawili. Na anapomaliza, hatoi wasia. Anasema kwamba amekwenda, amemzika, basi. Shairi linakwisha kama koleo inavyowekwa chini.

Tukilinganisha njia hizi tatu, tunaona kanuni moja ikijitokeza. Mbolezi ya mbwa hudhoofika kadiri mbwa anavyopandishwa cheo. Akifanywa mfano wa maadili, anatoweka. Akifanywa mtu, anasema uongo. Akiachwa na bakuli lake, mkia wake na umbali wake, msiba unarudi kuwa msiba.

Tatizo la msamiati

Sasa turejee kwenye Kiswahili. Mshairi wa Kiingereza ana bahati moja ambayo huenda haioni: kitenzi chake cha kufa ni kimoja kwa mtu na kwa mnyama, na kitenzi chake cha kuzika vilevile. Anaweza kuandika kuhusu mbwa na kaka yake kwa maneno yaleyale, na msomaji asishtuke. Kiswahili hakimpi mshairi maficho hayo. Mtu hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki; mbwa hufa. Mwili wa mtu ni maiti. Mwili wa mbwa ni mzoga. Mtu huzikwa, mzoga hufukiwa. Mtu huwa marehemu, yaani aliyerehemewa, na neno hilo limebeba dua ndani yake. Kila neno la mbolezi yetu linadai kujua kwanza ni nani aliyekufa.

Hata sarufi inashiriki. Katika Kiswahili sanifu tunasema rafiki yangu, ndugu yangu, baba yangu, lakini tunasema mbwa wangu, paka wangu, ng'ombe wangu. Majina hayo yote ni ya viumbe wenye uhai, na vitenzi vyake hupatana sawasawa. Ni kimilikishi tu kinachotofautiana. Kwa hiyo mshairi anayeanza ubeti kwa “mbwa wangu” na kuumaliza kwa “rafiki yangu” amevuka mpaka ambao msomaji atausikia sikioni kabla ya kuutambua akilini. Uambishaji nao una mitego yake. Jibwa ni tusi. Kijibwa ni dharau au ni mapenzi, kutegemea mdomo unaolitamka.

Ili tuione athari ya jambo hili, tutunge beti mbili za majaribio katika bahari ya tarbia, za mizani 16. Ubeti wa kwanza unachukua msamiati wa mbolezi ya kawaida na kumvika mbwa:

Ewe Simba marehemu, umefariki mwandani,
Machozi hayana zamu, yanitoka mashavuni,
Mola na akurehemu, na akulaze peponi,
Sitapata wa kudumu, rafiki wa duniani.

Vina na mizani vimetimia, na hakuna mshororo unaoweza kulaumiwa kwa kanuni. Lakini ubeti unachekesha. Unachekesha kwa sababu maneno yake yote ni ya mtu mwingine. Ukilifuta jina la Simba na kuliweka la mjomba, hakuna kitakachobadilika. Kicheko cha msomaji ni hukumu ya haki: huzuni imeazima kanzu isiyoienea. Wengi wanaodai kwamba mbwa hafai kuliliwa kwa Kiswahili wamesikia beti za namna hii tu, na wameulaumu msiba badala ya kanzu.

Ubeti wa pili unakataa kuazima:

Bakuli li mlangoni, lina maji tangu juzi,
Mnyororo u mtini, umekoma yake kazi,
Nimemfukia chini, ya mwembe penye mizizi,
Leo mgeni njiani, aja bila pingamizi.

Hatudai ubora wowote kwa ubeti huu. Umetungwa kwa ajili ya hoja. Lakini tuangalie kinachotendeka. Jina la mbwa halitajwi, wala neno mbwa lenyewe. Msomaji anamjua kwa vitu alivyoviacha. Hakuna chozi hata moja. Kitenzi ni kufukia, kile cha mizoga, lakini ndani yake mna kiambishi -m- cha kiumbe mwenye uhai: nimemfukia. Ukali wa kitenzi na upole wa kiambishi vimekaa katika neno moja. Hapo ndipo tofauti ambayo lugha yetu inaiweka baina ya mtu na mnyama inapogeuka kutoka kikwazo na kuwa nyenzo. Mshairi wa Kiingereza hawezi kuupata mkazo huo, kwa kuwa kitenzi chake hakina cha kupingana nacho. Aidha, mnyororo umebaki. Mbwa huyu alifungwa, na aliyemfunga ndiye anayemlilia. Ubeti hauwezi kulisema jambo hilo wazi bila ya kujiharibu, lakini pia haulifichi. Mshororo wa mwisho unaitaja kazi ambayo mbwa alifanyiwa ufugaji kwa ajili yake, ya kuwazuia watu mlangoni. Kwa hiyo historia tuliyoijadili, historia ya vibao na malango, inaingia bila kuhubiriwa. Mgeni anayekuja leo bila pingamizi ni hasara kwa mwenye nyumba, na huenda ni nafuu kwa mgeni.

Mjadala mrefu wa miaka ya 1960 hadi 1980 kuhusu vina na mizani, uliopamba moto zaidi baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, ulitufanya tupime ushairi wetu kwa umbo. Beti mbili zilizotangulia zina umbo moja. Zote mbili zingepita mbele ya mwanamapokeo bila tatizo. Kinachozitenganisha ni uteuzi wa maneno, na katika eneo hilo uhakiki wetu bado una kazi kubwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba shairi lake la mbwa ni dhaifu ana haki ya kuonyeshwa neno lililo dhaifu. Akiambiwa tu kwamba maudhui ni mepesi, hajafundishwa lolote, na pengine amefundishwa kwamba kuna huzuni zisizostahili lugha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mbolezi ya mbwa haikatazwi na dini wala haihukumiwi na historia, ingawa zote mbili zinaidai hesabu. Tumeonyesha pia kwamba washairi waliofaulu ni wale waliokataa kumpandisha mbwa cheo, na kwamba Kiswahili, kwa kutenga msamiati wa kifo cha mtu na wa kifo cha mnyama, kinamlazimisha mshairi kuamua katika kila mshororo anasimama wapi. Uamuzi huo ni mgumu, na ugumu huo ni rasilimali.

Kuna funzo pana zaidi kwa wanaofundisha utanzu huu. Mbolezi ya mtu mkubwa hubebwa na ukubwa wake. Mtunzi anaweza kuwa hafifu na msiba ukamfichia aibu. Mbolezi ya mbwa haina wa kuibeba. Hakuna nasaba, hakuna vyeo, hakuna dua ya kufungia. Yaliyobaki ni macho ya mshairi na maneno yake. Kwa sababu hiyo tungependekeza kwamba katika mafunzo ya utunzi zoezi hili litolewe mapema, kabla ya mbolezi za viongozi na mashujaa. Anayeweza kumlilia mbwa kwa Kiswahili bila kuchekesha na bila kudanganya atakuwa amejifunza nini maana ya kuchagua baina ya maiti na mzoga, na siku atakapomlilia mtu, hataitumia lugha kama kanzu ya kuazima.